Nilivyomfundisha Nyati Kunywa Maji

Tangu nirudi Mwanza, kila anayepita kibandani kwangu anaulizia ndama. Picha niliwatumia mwenyewe, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu. "Shija, vipi yule nyati wako?" Nami hujibu kwamba yupo, mzima, halafu nainamia friji la mteja kana kwamba nimesikia gesi inavuja. Si uongo, maana nilipomwacha alikuwa mzima. Ila jibu hilo limenichosha, na ninyi wenzangu mnastahili zaidi ya hilo, ndiyo maana nimekaa Jumapili hii niandike safari yote tangu kutoka mpaka kurudi.

Mambo ya maombi, chanjo na simu za huku na huko nayaruka. Mjue hili tu kwanza: huko Katavi kuna kituo kidogo cha kulea wanyama waliopoteza mama zao, na kituoni hapo kulikuwa na ndama mmoja wa nyati aliyetakiwa kurudi kundini kabla ya mvua. Mvua zikishaanza, nyati hutawanyika misituni na kuwapata tena ni kazi. Ndama angeshindwa kujiunga nao mapema, angeishi ndani ya uzio maisha yake yote. Nilikwenda kusaidia arudi porini. Nilisaidia sana, na najuta mpaka leo.

Mwanza hadi Tabora

Mke wangu Kabula alinisindikiza stesheni huku akinicheka. Nilikulia kwa babu yangu Kwimba, nikachunga ng'ombe wake mpaka siku nilipotorokea mjini kujifunza ufundi wa majokofu, na Kabula habari hiyo anaijua vizuri. "Ng'ombe za babu yako zilikushinda," alisema, "leo unapanda treni kwenda kuchunga za porini." Nikamwambia asubiri picha. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefunga duka kwa hiari yake kwa mara ya kwanza tangu alifungue.

Treni ilitambaa. Kila tuliposimama nilinunua kitu cha kutafuna: mahindi ya kuchoma, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha bado vinatoa mvuke. Tulipofika Tabora tukaambiwa mabehewa ya Mpanda yapo tayari, kinachosubiriwa ni kichwa cha treni, na kichwa chenyewe haijulikani kiko wapi. Jioni ikapita, asubuhi ikapita. Nilikula wali na maharage kwa mama ntilie mmoja mara nyingi kiasi kwamba alianza kuniulizia watoto wangu kwa majina. Mimi si mtu wa subira, mnanijua, na pale stesheni nilimgombeza karani ambaye hakuwa na kosa lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha palipo na kivuli.

Tabora hadi Mpanda

Kichwa kilipopatikana, nilijikuta nimekaa na mama mmoja Mkonongo wa Mpanda, mcheshi, mwenye kuku wawili hai kwenye kapu na mmoja wa kukaanga kwenye bakuli.

"Unaenda kazini, baba?"

"Naenda kujitolea, mama. Kulea wanyama."

"Yaani hawakulipi?"

"Hawanilipi."

Akatafuna kidogo akinitazama. "Mke unaye?"

"Ninaye, yuko Mwanza."

"Amekufukuza lini?"

Nilicheka, nikaeleza, lakini kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunihurumia. Kwake hakukuwa na namna mwanamume mwenye akili timamu aache mke, watoto na kazi akalale porini bila mshahara, ila kama nyumbani kumechafuka. Behewa zima likaingia kwenye kesi yangu. Tulipokwama katikati ya pori la Ugalla, bila kuambiwa sababu, mzee wa kiti cha nyuma alipendekeza nimpigie Kabula simu nimwombe msamaha mbele yao wawe mashahidi. Mtandao haukuwepo, nikashukuru Mungu. Wauza asali wakaja dirishani na chupa zao. Mama akanunua moja akaitia kwenye begi langu.

"Ukirudi umpe. Usiongee mengi, mpe tu."

Asali hiyo Kabula ameshaimaliza, na mpaka leo hajui alisamehe nini.

Shanwe

Nyumba ya wageni niliyofikia iko Shanwe, hapo hapo Mpanda mjini. Mwenye nyumba, Mama Grace, aliniuliza ninakokwenda. Nikasema kwa wanyama, upande wa Kibaoni. Nilipotoka kuoga nilikuta uani wali umepakuliwa, mchele wa Mpimbwe ule unaonukia mpaka barabarani, na kuku wa kienyeji, na baba mmoja amekaa kwenye stuli ameshika kofia mkononi.

"Karibu ule, afisa," akasema Mama Grace. "Huyu ni jirani yangu. Ana shida kidogo."

Afisa! Nilikuwa na njaa, nikajiambia nitasahihisha baada ya tonge la kwanza. Jirani akaanza. "Afisa, sisi tembo wametumaliza. Mahindi yalishafika kifuani, wamekula shamba zima, na tukipiga simu nyie mnasema mnakuja. Watoto wamekula nini mwaka huu? Wamekula uji."

Pale tonge la tatu lilikuwa limeshapita. Kusema sasa kwamba mimi ni fundi wa majokofu wa Mwanza ilikuwa kama kumtemea mate. Nikasema nitafikisha. Yule baba akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka ameridhika, na kuku hakumgusa. Kweli nilifikisha, lakini nilimfikishia Anjelina wa kituoni, ambaye hana mamlaka hata ya kumfukuza nyani. Ningesema ukweli mapema angalau angekula na yeye.

Mpanda hadi Kibaoni

Nilipata lifti kwenye Fuso la saruji. Dereva alinitazama kuanzia kola hadi viatu. Nilikuwa nimevaa ovaroli yangu ya kazini, ya bluu.

"Kaka, hiyo bluu nani kakushauri?"

"Ndiyo nguo yangu ya kazi."

"Basi leo utafanya kazi na mbung'o."

Sikumwelewa mpaka tairi lilipopasuka ndani ya hifadhi. Mbung'o ni wale inzi wakubwa wanaouma kama sindano, na bluu ndiyo rangi yao. Hata mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Kwenda kichakani kujificha huwezi, kuna wenye meno. Dereva na utingo wake walibadilisha tairi kwa utulivu, mbung'o wote wakiwa wamenichagua mimi. Walicheka mpaka jeki ikateleza.

Na nchi ilikuwa imekauka jamani. Nilizoea kusikia Katavi ni pori la kijani, lakini mwisho wa kiangazi ni vumbi, majivu ya moto wa porini, na mbuga nyeusi zilizopasuka nyufa za kumeza mguu. Darajani niliona viboko wamerundikana kwenye tope, migongo juu ya migongo, maji yenyewe hayafiki kwenye magoti yao. Mmoja wa pembeni alikuwa akisukumwa nje kila alipojaribu kuingia. Dereva akaniambia mamba nao wameshaingia kwenye mashimo ya kingo, wanalala humo kusubiri mvua. Kila kiumbe kule kilikuwa kinasubiri kitu hicho hicho.

Kibaoni nilikula chapati na chai kwenye mnada wa wakulima wa mpunga, nikachukua bodaboda, na mchana ukiwa mkali nikafika.

Kituoni

Kituo ni mabanda machache ya bati nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, karibu na mto ambao wakati ule ulikuwa mchanga mtupu na madimbwi mawili matatu. Anayekiendesha ni Anjelina, Mfipa wa Sumbawanga, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alinipokea, akaitazama ovaroli yangu, akaingia ndani akaniletea koti la kaki lililopakwa mavi ya nyati.

"Hili ndilo utavaa kwa ndama. Hapa mnyama hapewi jina, kaka Shija. Hasemeshwi, hashikwishikwi. Akituzoea tumemuua."

Ndama alikuwa dume, ameshaacha maziwa, pembe ndiyo kwanza zinachomoza, sikio la kushoto limechanika. Mama yake alinasa kwenye tope la bwawa lililokuwa linakauka akafia humo, na askari wa doria walimkuta mtoto amesimama kando yake. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alikunywa vizuri kwenye karai, lakini ukimpeleka kwenye dimbwi alinusa tope akarudi nyuma anatetemeka. Na nyati asiyeweza kunywa maji ya ardhini huwezi kumpeleka porini.

Kazi yangu ilikuwa kuchota, kuzoa, kukata majani na kuzunguka uzio. Wiki ya kwanza ilikuwa hiyo tu, na ugali wa dagaa, na vichekesho vya Anjelina kuhusu sisi Wasukuma, ambavyo alivitoa bila kutabasamu. Mimi nilimrudishia vya Wafipa na radi ambazo husemwa wanatumiana. Tulielewana.

Halafu Anjelina akaamua karai liondolewe. Ndama achague mwenyewe: anywe dimbwini au akae na kiu. Alikaa na kiu. Jua la kule mnalisikia tu. Kesho yake alikuwa amesimama kichwa chini, pua imekauka, na Anjelina anazunguka uzio bila kazi yoyote, anarudi, anazunguka tena.

Sasa niwaeleze kitu ambacho wasiochunga hawakijui. Kwetu ng'ombe hanyweshwi kimyakimya. Ukimfikisha majini unampigia mluzi, wa chini, wa kuvuta, hauna haraka, na yeye anainamisha kichwa na kunywa. Ukinyamaza, anainua kichwa kukutazama. Babu alinifundisha kabla sijajua kuhesabu. Miaka yote hii mjini sikuupiga hata mara moja, na wala sikudhani bado ninao.

Jioni ile ndama alikuwa kando ya dimbwi, mimi nyuma ya uzio. Sikupanga. Midomo ilijikunja yenyewe, mluzi ukatoka. Masikio yake yakageuka, lile zima na lile lililochanika. Akapiga hatua. Akanusa tope, akasita, nami nikaendelea kuvuta, na Mungu ni shahidi yangu, akainama akanywa. Alikunywa mpaka tumbo likajaa.

Nilipogeuka Anjelina alikuwa nyuma yangu.

"Hiyo si sauti ya porini," akasema.

"Lakini amekunywa."

"Amekunywa." Akajifuta macho kwa mkono wa koti lenye mavi. "Piga tena."

Basi ukawa ndio utaratibu. Asubuhi mluzi, jioni mluzi. Tulimwongoza kwa mluzi kutoka zizini hadi mtoni, kisha ng'ambo ya mto ambako kundi la nyati lilikuwa likija kunywa. Sikuwahi kufurahia kazi yoyote vile. Ndizo siku nilizowatumia picha. Siku moja kundi lilikuwa karibu, na ndama alipoinua kichwa majini, jike mmoja mzee alimjia, akamnusa, akamgonga kidogo ubavuni, akamwacha apite. Akaingia katikati yao. Tulikuwa juu ya kichuguu, mimi na Anjelina, tumeshikana mikono bila kujua. Jioni ile hakurudi, wala kesho yake.

Anjelina alichinja jogoo. Akaniambia nimemaliza kazi kabla ya muda wangu, niende nikaone ziwa nipumzike kidogo.

Ikola

Nilirudi Mpanda, nikapanda basi la Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika. Barabara ilikuwa mbaya, basi likaharibika mara mbili, na mara zote mbili sikumgombeza mtu. Mnaweza kujua nilivyokuwa na furaha.

Ikola ni kijiji cha wavuvi, dagaa wametandazwa kila mahali mpaka unakosa pa kukanyaga. Nilikaa kwa mama mmoja aliyekaanga migebuka asubuhi na jioni. Samaki hao nimewala Mwanza wakiwa wamekauka, sasa niliwala wabichi, na ngozi yao inavunjika mdomoni. Nilimsimulia kila mtu habari za ndama. Wavuvi walinisikiliza kwa adabu na kuniuliza kama nyati analiwa.

Hapo ndipo Anjelina alipopiga simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kukatika.

"Kaka Shija, mtoto wako ana tabia za Kisukuma."

"Zipi?"

"Anapanga foleni na ng'ombe. Rudi."

Nikacheka sana. Nilidhani ni utani wetu ule ule, kwamba nimemharibu nyati akawa mfugaji. Nilisikia kama na yeye anacheka kidogo, halafu simu ikakatika. Sikumpigia tena. Niliwasimulia wavuvi wakacheka na wao. Nikabaki Ikola siku zaidi ya nilizopanga, naoga, nalala mchana, nanunua dagaa wa kupeleka nyumbani. Mngenikuta pale mngesema huyu bwana amepata mapumziko yake.

Visimani

Nilirudi kituoni na kiroba cha dagaa begani. Anjelina hakunisalimia. "Twende," akasema, na tukatembea kufuata mto kuelekea kwenye vijiji, mpaka mahali ambapo wafugaji huchimba visima kwenye mchanga kunyweshea mifugo. Wengi ni Wasukuma wenzangu waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mmoja, mzee anayeitwa Baba Milembe, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwamkia kikwetu, "Mwadila, baba," naye akaniitikia akinitazama kwa makini.

"Ni wewe ndiye uliyempigia mluzi?"

"Ni mimi."

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "umefanya nini?"

Akanieleza. Siku moja alikuwa anapiga mluzi ng'ombe wake wanywe, akaona katika foleni yao kuna mweusi asiyemjua, sikio limechanika. Walicheka siku ile, wakamfukuza. Kesho akaja tena. Alikuwa akisikia mluzi anaacha kundi lake, anakatiza mbuga iliyo wazi peke yake, mchana kweupe, na kwenye mbuga ile simba wanalala.

"Nikaacha mluzi," alisema Baba Milembe. "Nikasema ng'ombe zangu zinywe hivi hivi. Hazinywi vizuri! Zinainua vichwa zinanitazama. Zimekonda, zione. Lakini mimi ni mmoja. Wenzangu hawataacha kwa ajili ya nyati, na wameshasema akija na magonjwa ya porini watamchoma mkuki. Siwezi kuwalaumu."

Nilitaka ardhi ya pale, yenye nyufa zile, inimeze. Nilimtazama Anjelina, akatazama pembeni. Tulijua wote wawili nani alipiga, na nani alisema piga tena, na hatujawahi kulizungumza.

Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kutanda. Anjelina alikuwa ameshafikiri. Kuna njia mbili, alisema. Tumkamate tumfungie moja kwa moja, au aujue mluzi kwa ubaya. Aitwe nao, na akija apate mapigo, mpaka auogope.

"Mapigo ya nani?" nikauliza, kama mjinga.

Siku iliyofuata Baba Milembe na wafugaji wenzake walijificha nyuma ya kingo na madebe na fimbo. Mimi nikasimama kisimani. Nikapiga. Mluzi ule ule, wa chini, wa kuvuta, maana ukiubadilisha hatajifunza. Akatokea mbali, doa jeusi kwenye mbuga. Alikuwa anakuja mbio, mbio za ndama, miguu ya nyuma inarukaruka. Alipofika waliibuka wote kwa makelele na madebe, fimbo zikamshukia mgongoni.

Hakukimbilia porini. Alinikimbilia mimi. Alipita katikati yao akaja nyuma yangu, akasukuma kichwa chake kwenye kiuno changu, anahema. Alidhani nitawazuia.

Watu wakashusha fimbo. Nikamsikia Anjelina akisema polepole, "Haitasaidia kama wewe humpigi."

Baba Milembe akaninyooshea fimbo yake. Akageuza uso.

Nilimpiga puani, mahali panapouma. Akapepesa macho. Akarudi nyuma hatua moja, akanusa mkono wangu, kama anahakikisha ni mimi. Nikampiga tena. Nikampiga huku nalia, na sisemi hivyo kwa mfano, nililia kwa sauti mbele ya wanaume wenzangu, na nikaendelea kupiga mpaka akaondoka. Alikwenda anageuka kila baada ya hatua kadhaa.

Kesho yake alikuja. Alikuja polepole, lakini alikuja. Nikampiga. Kesho yake tena.

Halafu ikaja siku ambayo nilipiga mluzi na ukingoni mwa kundi, ng'ambo ya mto, kichwa kikainuka. Sikio zima na sikio lililochanika. Alisimama pale. Nikarudia. Akageuka akaingia ndani ya kundi lake.

"Amejifunza," akasema Anjelina. Wafugaji waligongeana viganja. Baba Milembe akaenda kwa ng'ombe wake, akawapigia mluzi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wakainama wote kwa pamoja, na unasikia kabisa wanavyokunywa. Ndicho tulichokitaka wote. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye begi.

Siku ya kuondoka

Treni ya kurudi sina la kusimulia. Ilichelewa, nikalala, nikafika. Dagaa mmewala.

Ila kuna jambo la asubuhi niliyoondoka kituoni ambalo Kabula sijamwambia, wala Anjelina hajui. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, vumbi limelala. Tulipofika kwenye kivuko cha mto nilimwomba mtu wa bodaboda asimame, nikamwambia nimesahau kumuaga mtu. Kundi lilikuwa ng'ambo, linatafuta majani mapya, na baada ya siku ile lingeshaingia msituni. Nikamwona. Alikuwa analamba chumvi kwenye udongo kando ya yule jike mzee, amenenepa.

Hakuna aliyeniambia nipige mluzi. Ndama alikuwa salama, kazi ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye akili angepanda pikipiki akaenda zake. Nilipiga. Polepole tu, wa babu.

Aliinua kichwa akanitazama. Nilimwona ananitambua. Kisha akaruka, akamgonga jike, na kundi zima likashtuka likakimbia naye kuingia msituni, miti inavunjika. Nilibaki ukingoni nimenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi, aone kwamba sina fimbo.